Jinsi ya kupima nguvu ya kadi ya uchumi kwenye michezo ya kadi

Kadi ya uchumi haimpigi mpinzani na mara nyingi haileti pointi. Kazi yake ni kukuwezesha kununua au kucheza kadi nyingine: sarafu kwenye Dominion, mana kwenye Magic: The Gathering na Hearthstone, mbao au chakula kwenye mchezo ulioubuni mwenyewe. Ndiyo maana inawapiga chenga hata wachezaji wazoefu. Kadi inayopiga pointi 6 unaiona ikipiga. Kadi iliyokupa sarafu 2 zamu ya tatu, athari yake inajitokeza zamu ya nane, na hapo lawama zote zinaiangukia kadi kubwa iliyomaliza mchezo, huku iliyoileta mezani mapema imeshasahaulika.

Mwongozo huu unaegemea zaidi Dominion, mchezo wa Donald X. Vaccarino uliotoka mwaka 2008, kwa sababu hesabu zake ziko wazi. Unaanza na kadi 10: Copper 7 zinazolipa sarafu 1 kila moja na Estate 3 zisizolipa kitu. Kila zamu unashika kadi 5, na sarafu usiyoitumia inapotea. Hearthstone na Magic zinaingia pale zinapoonyesha jambo vizuri zaidi. Karatasi, penseli na kikokotoo cha simu vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Anza na kadi ya kipimo

Huwezi kusema kadi ni kali kabla hujasema ni kali kuliko ipi. Kwa hiyo tafuta kadi ya uchumi iliyo ya kawaida kabisa kwenye mchezo husika, isiyo na maandishi zaidi ya kile inacholipa, na iwe mizani yako. Kwenye Dominion kazi hiyo inafanywa na Silver, ambayo bei yake ni 3 na inalipa 2. Chini yake kuna Copper, bei 0, inalipa 1. Juu yake Gold, bei 6, inalipa 3. Nyongeza ya Prosperity ya mwaka 2010 iliongeza Platinum, bei 9, inalipa 5.

Tazama ngazi hizo. Mtu wa haraka atagawanya na kusema Silver ni nafuu kuliko Gold, maana unapata sarafu 2 kwa bei ya 3 badala ya 3 kwa bei ya 6. Lakini ukiwa na sarafu 6 kwa kawaida unachukua Gold, na sababu ni kwamba kilicho adimu hapa ni nafasi mkononi. Una nafasi 5 tu kila zamu. Sarafu 3 kwenye nafasi moja ni mali kuliko sarafu 2 kwenye nafasi hiyohiyo, hata kama umezilipia mara mbili. Kwa hiyo jambo la kwanza kuandika pembeni ya kila kadi ni kitu gani kilicho adimu kwenye mchezo wako: nafasi ya mkononi, idadi ya vitendo kwa zamu, idadi ya zamu, au kadi zenyewe.

Ukishapata mizani, kila kadi mpya ya bei 3 inaulizwa swali moja: kwa nini mtu asichukue Silver? Woodcutter ni mfano mzuri. Bei yake ni 3, inalipa sarafu 2 kama Silver, na juu yake inakupa ruhusa ya kununua kadi moja zaidi. Kwa maandishi tu ni Silver yenye bakshishi. Kasoro ni kwamba Woodcutter ni kadi ya kitendo, na una kitendo kimoja tu kwa zamu. Ukinunua mbili kwenye zamu za kwanza, rundo lako lina kadi 12, na uwezekano wa zote mbili kuingia kwenye mkono mmoja zamu ya tatu au ya nne ni takriban 30%. Hapo moja inalipa na nyingine inakaa kama Estate. Silver mbili hazigombani hivyo kamwe. Toleo la pili la mchezo, la mwaka 2016, liliiacha Woodcutter nje.

Kama mchezo wako hauna kadi ya kipimo, tengeneza kadi kavu kwa kila bei: bei 1 inalipa nini, bei 2 inalipa nini, na kuendelea. Hata kama huna nia ya kuzichapa, bila hizo utakuwa unalinganisha kadi mbili zenye maneno mengi na kuchagua ile iliyoandikwa vizuri zaidi.

Toa gharama kabla ya kusifu

Namba iliyochapwa kwenye kadi ni mauzo, si faida. Moneylender ya Dominion inasema: ondoa Copper moja mchezoni, pata sarafu 3. Wengi wanaandika 3 kwenye daftari. Lakini ile Copper ungeicheza na kupata sarafu 1, kwa hiyo faida ya zamu hiyo ni 2, sawa na Silver. Kinachoitofautisha ni kwamba rundo limepungua kadi dhaifu moja, na kwamba siku Copper zikiisha, Moneylender inabaki bila kazi.

Kwa kila kadi, andika mambo manne:

- Umelipa nini kuipata, na umelipa nini kuicheza. Kwenye Dominion unalipa mara moja unapoinunua. Kwenye Magic unalipa mana kila unapoicheza.
- Kadi yenyewe imekwenda wapi. Dark Ritual ya Magic inachukua mana 1 nyeusi na kurudisha 3, faida 2, lakini inatumika mara moja na mkono wako umepungua kadi moja. Sol Ring inachukua mana 1 na kulipa 2 zamu hiyohiyo, kisha inabaki mezani ikilipa 2 kila zamu.
- Inakula nafasi gani: kitendo, nafasi ya mezani, nafasi ya mkononi.
- Inaweza kuharibiwa? Llanowar Elves inalipa mana 1 kila zamu kuanzia zamu inayofuata, lakini ni kiumbe. Mpinzani akimuua zamu yake ya kwanza, umelipa mana 1 na kadi 1 bila kupata kitu.

Ukiona kadi ambayo baada ya kutoa yote bado ina faida zamu ileile inayochezwa, simama hapo. Black Lotus ya Magic, ya mwaka 1993, inagharimu mana 0 na kulipa 3. Kwenye mtindo wa kucheza Magic uitwao Vintage unaruhusiwa nakala moja tu, na kwenye ule wa Legacy imepigwa marufuku kabisa. Sol Ring nayo ni hivyohivyo. Kadi yoyote ya uchumi inayojilipa papo hapo na kubaki mezani, chukulia ni tatizo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mtaji unarudi zamu ya ngapi

Kwa michezo ambayo uwezo wako unakua zamu hadi zamu, hiki ndicho kipimo kinachosema mengi kwa kazi kidogo. Wild Growth ya Hearthstone inakupa kioo kimoja cha mana kisicho na mana ndani yake, yaani faida inaanza zamu inayofuata. Ilikuwa na bei ya 2. Mwishoni mwa 2018 ikapandishwa hadi 3. Mana moja tu. Tuone ilimaanisha nini, kwa kuwa kila zamu mana yako huongezeka kwa 1. Jedwali linaonyesha jumla ya mana uliyoweza kutumia kwa kadi nyingine, kuanzia zamu ya kwanza hadi zamu husika, ukiicheza mapema iwezekanavyo.

| Zamu | Bila Wild Growth | Kwa bei 2 | Kwa bei 3 |
|---|---|---|---|
| 1 | 1 | 1 | 1 |
| 2 | 3 | 1 | 3 |
| 3 | 6 | 5 | 3 |
| 4 | 10 | 10 | 8 |
| 5 | 15 | 16 | 14 |
| 6 | 21 | 23 | 21 |

Kwa bei 2 mtaji umerudi zamu ya nne. Kwa bei 3 unarudi zamu ya sita. Badiliko la mana 1 limechelewesha faida kwa zamu mbili, kwa sababu bei imepanda na pia siku ya kuanza kuvuna imechelewa. Kumbuka hili unaporekebisha kadi yako mwenyewe: kwenye kadi za uchumi, bei hukata pande mbili. Kwenye kadi ya kushambulia, kuongeza bei kwa 1 mara nyingi kunakata upande mmoja tu.

Jedwali lina udhaifu mmoja wa kusahihisha. Linachukulia kwamba kila mana ingetumika. Lakini zamu ya pili mchezaji mara nyingi hana cha maana cha kucheza, na kwenye Hearthstone mana isiyotumika haiwekwi akiba. Kama ile mana 2 ingepotea hata hivyo, basi gharama halisi ya Wild Growth ilikuwa kadi yenyewe tu, na ilianza kuleta faida zamu ya tatu. Kwa hiyo chora safu ya ziada: mana iliyotumika kweli, ukiangalia rekodi za michezo. Kadi za uchumi za bei ya chini hupata nguvu yake hapa, kwenye zamu ambazo hakuna mtu alikuwa na kazi nazo.

Kama mchezo wako unaruhusu kuweka akiba, hesabu ni rahisi zaidi. Kadi ya bei 4 inayolipa 1 kila zamu kuanzia inayofuata, kwenye mchezo wa zamu 8: ukiicheza zamu ya 2 inalipa mara 6, faida 2. Ukiicheza zamu ya 4 inalipa mara 4, umetoka sare. Zamu ya 5, hasara 1. Andika zamu ya kuvuka, yaani ya mwisho ambayo kuicheza hakukupi hasara, kwenye kona ya kadi wakati wa majaribio. Kadi ambayo zamu yake ya kuvuka iko katikati ya mchezo inamlazimisha mtu afikirie. Ile ambayo bado ina faida ikichezwa zamu mbili kabla ya mwisho haina uamuzi ndani yake, kila mtu ataicheza kila mara.

Wastani wa rundo, na kwa nini Silver inazeeka

Kwenye michezo ya kujenga rundo, kadi ikiingia inasukuma nyingine nje ya mkono. Kwa hiyo usihesabu inalipa nini. Hesabu inalipa nini zaidi ya kadi ya wastani iliyochukua nafasi yake. Rundo la kuanzia la Dominion lina sarafu 7 kwenye kadi 10, wastani 0.7, na mkono wa kadi 5 una wastani wa sarafu 3.5. Kanuni ya kuongeza kadi moja ni hii:

ongezeko la mkono = 5 × (inacholipa kadi − wastani wa rundo) ÷ (idadi ya kadi + 1)

Silver ya kwanza: 5 × (2 − 0.7) ÷ 11, yaani sarafu 0.59 kwa kila mkono. Sasa nenda katikati ya mchezo, rundo la kadi 20 lenye sarafu 24, wastani 1.2. Silver ileile inaongeza 5 × 0.8 ÷ 21, yaani 0.19. Gold inaongeza 0.43. Copper, japo ni ya bure, inapunguza 0.05, kwa kuwa inalipa chini ya wastani; ukiendelea kuzikusanya unajichimbia shimo huku ukidhani umeokota. Na kuiondoa Estate moja mchezoni bila kuongeza chochote kunapandisha mkono kutoka 6 hadi 6.32. Kadi inayoondoa kadi ni kadi ya uchumi, hata kama haina alama ya sarafu popote, na hapa imeishinda Silver. Mbunifu asiyeliweka hili kwenye hesabu ataishia kuuza kadi kali kuliko zote kwa bei ya chini. Chapel, bei 2, inayoondoa hadi kadi 4 kwa mara moja, ni maarufu kwa sababu hiyo hasa.

Halafu kuna kadi zinazojirudishia nafasi. Market, bei 5, inakulambisha kadi 1, inakurudishia kitendo 1, inakupa sarafu 1 na ruhusa ya kununua kadi moja zaidi. Kwa kuwa imelamba nyingine badala yake, haikusukuma kitu nje. Ongezeko lake kwa sarafu ni 5 × 1 ÷ (idadi ya kadi + 1), bila kutoa wastani. Linganisha na Silver: wastani wa rundo ukiwa chini ya 1, Silver inaongeza sarafu nyingi kuliko Market, ukiwa 1 kamili, zinalingana, ukipanda juu ya 1, Market inaipita na pengo linazidi kupanuka. Kwenye rundo letu la wastani 1.2, Market inaongeza 0.24 dhidi ya 0.19 ya Silver, kabla hata ya kuhesabu ile ruhusa ya ununuzi.

Hili ndilo jambo tunaloona likiwapotosha wabunifu wengi zaidi. Kadi inayolipa 1 na kujirudishia nafasi inaonekana ndogo kwenye karatasi, majaribio ya zamu za mwanzo yanaonyesha ni dhaifu, basi bei inashushwa. Mwisho wa mchezo mtu ana sita mkononi, zote zinapita bila kumzuia kitu, na meza nzima inashangaa sarafu zimetoka wapi. Pima kadi kwenye wastani tatu tofauti: wa mwanzo, wa katikati, na ule ambao mtu anahitaji kushinda. Province, kadi ya pointi 6, inauzwa sarafu 8, kwa hiyo mkono wa kadi 5 unahitaji wastani wa 1.6. Kwenye 1.6 Silver inaongeza 0.4 tu juu ya kadi ya kawaida. Market bado inaongeza 1 nzima.

Bei ina vizingiti

Wastani hausemi yote kwa sababu watu hawanunui kwa wastani. Sarafu 7 haikununulii Province, na sarafu 10 haikununulii Province na robo.

Chukua mikono miwili ya kwanza ya Dominion. Kwa sababu rundo lina kadi 10 na kila mkono ni 5, sarafu 7 zinagawanyika ama 4 na 3, ama 5 na 2. Mgawanyo wa 4 na 3 unatokea mara 5 katika 6, na ule wa 5 na 2 mara 1 katika 6. Maana yake ni kwamba kadi ya bei 4 inaweza kununuliwa na kila mchezaji katika zamu mbili za kwanza, bila ubaguzi. Kadi ya bei 5 inapatikana kwa mmoja kati ya sita. Kadi ya bei 6, hakuna. Kutoka 4 kwenda 5 kwa hiyo si kupanda kwa sarafu 1. Ni kuihamisha kadi kutoka "kila mtu anaanza nayo" kwenda "mwenye bahati anaanza nayo". Kama kadi yako ya uchumi ya bei 5 ni kali mno zamu ya kwanza, huyo mmoja kati ya sita ameshapewa mchezo kwa bahati ya mgao. Bora iwe dhaifu kidogo mapema au ipande hadi 6.

Kwa mchezo wako, orodhesha kiasi kinachowezekana kila zamu kwa zamu tatu za kwanza na uwezekano wake. Kisha weka bei juu ya au chini ya vizingiti hivyo kwa makusudi, si kwa kukadiria.

Inashikwa mara ngapi mapema

Kadi ya uchumi kwenye mkono wa kwanza na kadi hiyohiyo zamu ya tisa ni vitu viwili. Kwa hiyo jua inashikwa mapema mara ngapi. Kwenye Excel au Google Sheets andika =1-HYPGEOM.DIST(0,7,4,60,TRUE): hiyo ni nakala 4 kwenye rundo la kadi 60, mkono wa kadi 7, na jibu ni karibu 40%. Weka 8 badala ya 4 na unapata 65%. Ndiyo sababu kadi ya pili inayofanana na ya kwanza inaweza kuharibu mchezo ambao ya kwanza peke yake haikuutikisa. Llanowar Elves moja kwenye orodha ya kadi zinazoruhusiwa ni jambo la kupanga; ukiongeza pacha wake wa bei ileile, mpango sasa unaaminika michezo miwili kati ya mitatu. Usipime kadi mpya peke yake, ipime pamoja na ndugu zake waliopo.

Kwenye Commander, mtindo mwingine wa Magic, ambapo rundo lina kadi 99 na kamanda mmoja, na nakala ni moja moja, Sol Ring inaingia kwenye mkono wa kwanza kwa 7% tu. Imeruhusiwa huko. Idadi ya nakala inafanya kazi kama breki, lakini ni breki mbaya kwa mchezo wa watu wawili: inapunguza mara ambazo kadi inaonekana, haipunguzi maumivu siku inapoonekana.

Usisahau ubadilishaji wa mkono wa kwanza. Hearthstone: rundo la kadi 30, nakala 2, mchezaji wa kwanza anaanza na kadi 3. Bila kubadilisha, ana 31% ya kuwa na Wild Growth kufikia zamu ya pili. Akirudisha zote 3 kila anapoikosa, inapanda hadi karibu 46%. Na mchezaji wa pili ana sarafu ya The Coin inayompa mana 1 ya ziada mara moja, iliyomwezesha enzi za bei 2 kucheza Wild Growth zamu ya kwanza kabisa. Kadi mbili za uchumi zikikutana hazijumlishwi tu. Moja inaisogeza nyingine mbele.

Zamu za mwisho

Swali fupi: ukilamba kadi hii mchezo ukiwa umebakiza zamu mbili, inafanya nini? Kama jibu ni hakuna kabisa, si lazima iwe kasoro, kwa kuwa hiyo ndiyo bei ya nguvu yake ya mapema. Lakini kama nusu ya rundo ni kadi za aina hiyo, mchezo unakwama mwishoni na watu wanachoka. Wild Growth ikichezwa ukiwa tayari na mana 10, ambayo ndiyo kikomo, inakupa kadi ya bei 0 inayokulambisha kadi moja. Ni fidia ndogo, inatosha. Fidia isizidi hapo: kadi ya uchumi iliyo nzuri mwanzo na nzuri mwisho imeondoa sababu ya mtu kujiuliza aweke ngapi.

Jaribio: roboti kwanza, watu baadaye

Kwenye Dominion kuna mkakati wa fedha tupu unaofaa kama kipimo: ukiwa na 8 au zaidi nunua Province, ukiwa na 6 au 7 nunua Gold, ukiwa na 3 hadi 5 nunua Silver, chini ya hapo usinunue kitu. Programu ndogo ya Python inaucheza mara elfu kwa muda mfupi. Fanya hivi kwa mchezo wako:

1. Andika mkakati tupu wa namna hiyo kwa kutumia kadi za kipimo pekee. Rekodi unachukua zamu ngapi kufikia lengo.
2. Rudia, lakini sasa unanunua nakala 1 ya kadi mpya nafasi ya kwanza inapopatikana. Kisha nakala 2, 3, 4.
3. Tafuta idadi inayotoa matokeo bora. Ikiwa 1 au 2 ndiyo bora na 4 inarudisha nyuma, kadi ina breki yake ya asili. Ikiwa kila nakala inayoongezwa inazidi kusaidia, hakuna breki, na itabidi uiweke.
4. Shindanisha mikakati miwili, nusu ya michezo kila mmoja akianza. Michezo 1,000 ina mkengeuko, yaani kuyumba kwa bahati tu, wa takriban asilimia 1.6, kwa hiyo ushindi wa 53% ni dalili inayostahili kuangaliwa. Michezo 100, mkengeuko ni 5. Hiyo 53% haikuambii kitu.

Watu mezani hawawezi kukupa michezo 1,000. Ushindi 13 kati ya 20 bado unaweza kuwa bahati, hivyo usihesabu ushindi pekee. Rekodi vitu viwili: nani alikuwa na uchumi mkubwa mwisho wa zamu ya nne, na je, ndiye aliyeshinda. Kwa watu wawili, ikiwa aliye mbele zamu ya nne anashinda zaidi ya michezo minane kati ya kumi, kilichobaki baada ya zamu hiyo ni kumaliza muda. Rekodi pia ni mara ngapi mtu aliiacha kadi kwa hiari. Kadi ambayo haiachwi kamwe ina nafuu ya bei kuliko inavyopaswa, hata kama takwimu za ushindi zinaonekana sawa. Inawezekana wote wanaichukua na ndiyo maana zinaonekana sawa.

Kurekebisha

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na anza na kucheleweshwa kabla ya bei. Kadi inayolipa kuanzia zamu inayofuata badala ya zamu hii inapoteza zile mbinu za ghafla lakini inabaki na thamani yake kwa anayepanga. Kupunguza malipo ni panga butu kwenye namba ndogo: Innervate ya Hearthstone ilikuwa ya bei 0 na kutoa mana 2 za muda, na nakala mbili pamoja zilikupa mana 5 zamu ya kwanza. Septemba 2017 ikashushwa hadi mana 1, ikawa sawa kabisa na The Coin. Nusu ya nguvu imeondoka kwa hatua moja kwa sababu hapakuwa na namba katikati ya 2 na 1. Ukiona mchezo wako una tatizo hilo, zidisha namba zote za uchumi mara mbili au tatu mapema, kabla hujachapa chochote, ili upate nafasi ya kurekebisha.

Njia nyingine ni kuweka masharti: inalipa tu kama una kadi fulani, inalipa mara moja kwa zamu, au mpinzani naye anapata kidogo. Masharti yana gharama ya kusomwa. Yakizidi mistari miwili, rudi kwenye bei.

Mwisho, soma maandishi ya kadi kama mtu anayetafuta mwanya. "Pata sarafu 2" na "pata sarafu 2 kwa zamu hii" si kitu kimoja kwenye mchezo wenye akiba. "Kila unapocheza Silver, pata sarafu 1" na "mara ya kwanza unapocheza Silver zamu hii, pata sarafu 1" zinatofautiana kwa sarafu 4 mtu akiwa na Silver 5 mkononi. Andika marekebisho kwa penseli juu ya kadi za zamani, rudia jedwali la mtaji na hesabu ya wastani, kisha ndiyo uwaite watu mezani tena.